Warithi wa Roxie Hart

Jioni ya Agosti 8, 1975, watu walioingia 46th Street Theatre jijini New York walikuwa wamelipa kumwona Gwen Verdon. Jina lake ndilo lililokuwa nje ya mlango, na tamthilia yenyewe ya muziki, Chicago, ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yake. Kabla onyesho halijaanza wakatangaziwa kwamba Verdon hatapanda jukwaani usiku ule. Uhusika wa Roxie Hart ungevaliwa na Liza Minnelli.

Verdon alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo. Onyesho lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe Juni 3, na ilifika mahali watayarishaji wakafikiria kulifunga. Ndipo Minnelli akajitolea kuokoa jahazi. Alikuwa tayari na Oscar yake ya filamu ya Cabaret, iliyoongozwa na Bob Fosse, huyuhuyu aliyeongoza Chicago, na nyimbo zake zilitungwa na John Kander na Fred Ebb, haohao waliotunga za Chicago. Nyota wa kiwango hicho, lakini mabango hayakubadilishwa kwa ajili yake. Habari zilienea mdomo kwa mdomo, tiketi zikagombaniwa, na baada ya wiki tano hivi, Verdon alipopona, Minnelli akaondoka akiwa amewaachia wenzake onyesho lenye afya kuliko alivyolikuta. Waswahili tuna maneno ya ugeni wa namna hiyo: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu ya ubishi ambao umewagawa watazamaji wa Chicago kwa karibu miaka 30 sasa. Toleo jipya la tamthilia hii lilifunguliwa Broadway Novemba 14, 1996, na halijafungwa isipokuwa kwa dharura. Janga la korona lililizima Machi 2020 pamoja na kumbi zote, likawaka tena Septemba 14, 2021. Tangu The Phantom of the Opera ilipofungwa Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981, hili ndilo onyesho kongwe kuliko yote yanayoendelea Broadway. Umri huo umeletwa kwa sehemu kubwa na mtindo mmoja: kila baada ya wiki kadhaa anaingia mgeni mwenye jina. Leo mwanamuziki, kesho mwanamitindo, keshokutwa mtu wa televisheni. Wapo watazamaji wanaoupenda mtindo huo, na wapo wanaouona kama kuuza sura katika nyumba ya watu wenye fani yao.

Ubishi huo hauwezi kueleweka bila kujua Roxie ni nani. Mwaka 1924, mwandishi wa Chicago Tribune aitwaye Maurine Dallas Watkins aliripoti kesi za wanawake wawili walioshtakiwa kwa kuwaua wanaume, Beulah Annan na Belva Gaertner. Wote wawili waliachiwa huru. Watkins aliona jinsi magazeti, likiwemo lake, yalivyowageuza washtakiwa kuwa warembo wa mji, na mwaka 1926 akaandika mchezo wa kuigiza wenye Roxie kama mshtakiwa, uliowasema wote: wauaji, mawakili, waandishi na wasomaji. Verdon na Fosse waliutaka mchezo huo kwa miaka mingi, Watkins akakataa kuwauzia haki. Waliipata baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Kwa hiyo Verdon alipomcheza Roxie mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 50, alikuwa ameusubiri uhusika huo kuliko mwigizaji yeyote aliyekuja baadaye.

Toleo lile la kwanza halikuwa na bahati. Mwaka uleule A Chorus Line ilivuma na kufunika kila kitu. Kwenye tuzo za Tony za 1976 Chicago iliteuliwa mara 11 na ikarudi nyumbani mikono mitupu. Ilifungwa Agosti 1977 baada ya maonyesho 936.

Kurithishana uhusika hakukubuniwa hapo. Miaka ya 1960 mtayarishaji David Merrick aliiweka hai Hello, Dolly! kwa kubadilisha mwigizaji mkuu kila mauzo yalipolegea. Alianza na Carol Channing mwaka 1964, akafuata Ginger Rogers, halafu Martha Raye na Betty Grable. Mwaka 1967 Merrick akafanya jambo kubwa zaidi: akabadilisha kundi zima, akawaweka Pearl Bailey na Cab Calloway mbele ya waigizaji Weusi watupu. Watu waliokwisha kuiona tamthilia hiyo walirudi kuitazama kana kwamba ni mpya. Ilifungwa Desemba 1970, Ethel Merman akiwa ndiye Dolly wa mwisho, baada ya maonyesho 2,844. Merrick alijua kwamba mtazamaji anaweza kulipia hadithi ileile mara mbili ikiwa mwenye kuisimulia ni mwingine.

Watayarishaji Barry na Fran Weissler walilijua hilo pia. Kabla ya Chicago walitayarisha toleo jipya la Grease lililofunguliwa mwaka 1994, na humo walikuwa wakiingiza na kutoa majina makubwa. Kisha Mei 1996 wakaiona Chicago ikichezwa kwa siku chache tu katika mfululizo wa Encores! pale City Center, chini ya uongozi wa Walter Bobbie. Ilikuwa kama tamasha: bendi imekaa katikati ya jukwaa, waigizaji wamevaa nguo nyeusi, viti vimepangwa pembeni. Hakukuwa na nyumba za mbao wala ngazi za kuzunguka. Ikahamishiwa Broadway karibu vilevile ilivyokuwa, na mwaka 1997 ikabeba Tony sita, ikiwemo ya toleo jipya bora la tamthilia ya muziki.

Wanaolalamika wakati mwingine hulisahau hilo jukwaa tupu, nalo ndilo mzizi wa jambo lote. Onyesho lisilo na mashine nzito ni nafuu kuliendesha, na linaweza kuvumilia usiku wa viti vichache. Januari 2003 lilihamia Ambassador Theatre, ukumbi wenye viti zaidi kidogo ya 1,000, likakaa hapo. Tena jukwaa la namna hiyo humpokea mgeni kwa urahisi, kwani hana milango ya siri ya kukariri wala mitambo ya kukwepa. Hujifunza kwa wiki chache na kiongozi wa wachezaji chumbani mwa mazoezi, hufanya jaribio moja au mawili na kundi zima, kisha hukutana na watu. Uhusika nao umegawanyika vizuri kwa kazi hiyo. Mama Morton, msimamizi wa gereza la wanawake, ana wimbo mmoja wa peke yake na mwingine wa wawili. Wakili Billy Flynn huimba zaidi ya anavyocheza. Roxie anadai zaidi, ila hatua zake zinaweza kupunguzwa bila hadithi kuvunjika.

Velma Kelly, mshtakiwa mwenzake Roxie, ni jambo jingine. Uhusika huo kwa kawaida hawapewi wageni wa kupita, kwa sababu ni mwili wa Fosse kuanzia wimbo wa kwanza: mabega yaliyojikunja, magoti yaliyoelekezwa ndani, kofia inayoshuka hadi kwenye jicho, kifundo cha mkono kinachosema kabla ya mdomo. Waliomcheza Velma ni watu kama Ute Lemper, Mjerumani aliyetoka nao London, na Amra-Faye Wright wa Afrika Kusini, aliyempeleka Velma London, Broadway na hata Japani. Ukitaka kujua watayarishaji wenyewe wanaamini nini moyoni kuhusu kuazima majina, tazama uhusika wasiouazimisha.

Majina yalianza kumiminika kwa kasi baada ya filamu ya Chicago ya mwaka 2002 kuchukua Oscar ya filamu bora. Mwaka 2003 aliingia Melanie Griffith, nyota wa sinema asiyekuwa mchezaji ngoma wala mwimbaji. Wengi walijiandaa kwa aibu. Ben Brantley, mchambuzi wa New York Times, akaandika kwa kumsifu, kwa kuwa aliuona udhaifu wa Griffith ukigeuka udhaifu wa Roxie mwenyewe. Mwaka 2006 Usher alimcheza Billy Flynn, na vijana ambao hawakuwa na mazoea ya Broadway wakajipanga mlangoni. Wakafuata Jerry Springer wa televisheni, mwanamitindo Christie Brinkley, na Brandy. Mwaka 2022 aliingia Pamela Anderson, na mwaka 2024 Ariana Madix, aliyejulikana kwa kipindi cha televisheni kinachofuata maisha halisi ya wahusika wake.

Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika. Wanaoutetea mtindo huu wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Wanasema tamthilia inahusu mwanamke anayegeuka nyota kwa kashfa, si kwa kipaji. Basi ni nani anayefaa kumcheza kuliko mtu ambaye maisha yake ya faragha yameanikwa magazetini? Madix alipopanda jukwaani, watu walikuwa wameshafuatilia kashfa ya mapenzi yake karibu mwaka mzima, na kila mstari wa Roxie kuhusu umaarufu ulipata maana ya pili bila neno hata moja kuongezwa. Watkins angeuelewa usiku ule mara moja.

Wanaopinga nao hawasemi kwa wivu. Mtalii aliyeweka akiba miaka miwili, akafika New York kwa siku nne, ataiona Chicago mara moja tu maishani. Akikuta Roxie anayehesabu hatua kwa midomo huku wachezaji wa nyuma wakimbeba ili asianguke, hiyo ndiyo Chicago atakayorudi nayo nyumbani, na bei ya tiketi haikupunguzwa pamoja na hatua.

Mimi niko karibu na hawa wa pili, ingawa si kwa sababu ya asili ya mgeni. Ile hoja kwamba Roxie hana kipaji, kwa hiyo asiye na kipaji ndiye anayemfaa, siikubali. Kuigiza mtu asiyejua kucheza ni kazi ya mtu anayejua kucheza. Verdon, mmoja wa wachezaji bora waliopata kutokea Marekani, ndiye aliyeanza kuuonyesha ulegevu wa Roxie kwa makusudi, kila kosa likiwa limepimwa. Kosa lisilopimwa ni kosa tu. Ila mtu wa televisheni akija na pumzi, sikio na bidii, sioni kwa nini anyimwe.

Na wapo wageni waliokipa sura mpya kitu kilichokuwemo siku zote. Tangu 1975 mwandishi wa habari mwenye huruma, Mary Sunshine, huchezwa na mwanamume anayeimba kwa sauti ya kike, na vijitabu vya onyesho humwandika mwigizaji huyo kwa herufi ya kwanza tu ya jina lake la kwanza ili siri isivuje kabla ya wigi kuvuliwa. Januari 2023 Jinkx Monsoon, msanii aliyejijengea jina kwa kuigiza katika mavazi ya kike, alipopewa uhusika wa Mama Morton, wengine walishangaa. Waliowahi kumtazama Mary Sunshine kwa makini hawakuwa na la kushangaa. Tiketi zilinunuliwa kwa fujo, na safari hii hata wahafidhina walisifu uimbaji.

Kitu ambacho ubishi huu hukipita haraka ni wale wanaobaki. Bianca Marroquín alianza na Roxie nchini Mexico kwa Kihispania, akaja Broadway mwaka 2002, na amerudi mara nyingi kila nafasi ilipokuwa wazi. Charlotte d'Amboise amekuwa akiitwa tangu 1999. Jina linapoondoka na lingine halijawa tayari, ndiye anayesimama katikati. Nyuma yao wapo wachezaji wa akiba wanaojua nafasi kadhaa kila mmoja, ambao mtazamaji hukutana nao kwenye kikaratasi kilichochomekwa ndani ya kijitabu: leo uhusika fulani utachezwa na fulani. Nimewahi kusikia watu wakiguna kwa kukiona kikaratasi hicho. Mara nyingi kinatangaza mtu aliyelelewa katika ngoma tangu utoto.

Bebe Neuwirth aliutazama mfumo huu kutoka kila upande. Alifungua toleo la 1996 kama Velma na kushinda Tony. Miaka kumi baadaye akarudi kama Roxie, na mwaka 2013 akarudi tena kama Mama Morton. Yeye, mwenyeji kuliko wote, aliingia mara mbili kama mrithi.

Watazamaji wa miaka mingi wana kipimo chao kimoja ambacho hawakiachi. Kila Roxie mpya humlinganisha na wa 1996, Ann Reinking, aliyepanga pia ngoma za toleo hilo kwa mtindo wa Fosse na kushinda Tony kwa kazi hiyo. Kwao yeye ndiye asili, na wote waliomfuata ni nakala. Reinking alifariki Desemba 2020, na heshima hiyo imezidi kukua.

Lakini Roxie hakuanza kumcheza 1996. Mwaka 1977, Verdon alipoiacha tamthilia katika miezi yake ya mwisho, aliyeletwa kuziba pengo alikuwa mchezaji wa miaka 27, na kwa hakika wapo walioingia usiku wake wa kwanza wakiwa wamekunja uso, kwa kuwa walimtaka Verdon. Mchezaji huyo alikuwa Reinking. Miaka 19 baadaye alifungua toleo jipya katika jengo lilelile la Mtaa wa 46. Kibao cha nje tu ndicho kilichokuwa kimebadilishwa; sasa kiliandikwa Richard Rodgers.