Barua pepe ilivyoitangulia intaneti Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla kampuni yoyote haijaanza kuwauzia wananchi intaneti, walikuwapo madaktari, wahadhiri na watetezi wa mazingira huku kwetu waliokuwa wakiandikiana kwa barua pepe na wenzao wa Ulaya na Marekani. Barua ilifika kwanza, mtandao kamili ukafuata. Wengi wetu tunadhani ilikuwa kinyume chake, na kwa hiyo hatujui kitu chenyewe tunachokitumia kila siku kinafanyaje kazi.

Chanzo cha barua pepe ni Marekani. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika programu ya kumwezesha mtu kumwachia mwenzake ujumbe, lakini wote wawili ilibidi wawe watumiaji wa kompyuta ileile. Mwaka 1971, Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts, alivuka mpaka huo. Kompyuta zake mbili zilikuwa zimewekwa jirani kabisa, ila ujumbe ulipita kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Ni yeye aliyeichukua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na alama hiyo katika jina lake. Alichoandika siku hiyo alikisahau.

Kanuni za usafirishaji zilizochapishwa na Jon Postel mwaka 1982, ziitwazo SMTP, ndizo msingi wa barua pepe hadi leo. Msomaji mwenye S.L.P. atazielewa upesi. Posta haikuletei barua mlangoni; inaiweka kwenye sanduku lako, nawe unakwenda na ufunguo wako siku utakayopata nafasi. Barua pepe nayo haiji moja kwa moja kwenye simu yako. Seva ya anayeandika, yaani kompyuta inayohudumia barua zake, inaisoma anwani, inaitafuta seva inayopokea barua za jina lililo baada ya @, kisha inaikabidhi barua huko, nayo inakaa hapo mpaka uifuate. Seva ya pili isipopatikana, ya kwanza haiitupi barua. Inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena, na kanuni zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Subira hiyo ndiyo iliyotufaa. Simu za nje zilikuwa ghali mno na laini zilikatika ovyo, hivyo kuunganishwa na mtandao mchana kutwa lilikuwa jambo la ndoto. Lakini barua haikuhitaji hilo. Mfumo wa FidoNet, alioubuni Tom Jennings mwaka 1984, ulitumia kompyuta ya kawaida, waya wa simu na modemu, kifaa cha kupitishia data kwenye waya huo. Mtu aliandika barua zake mchana bila kuunganishwa popote. Programu ikazibana zote kuwa furushi moja dogo. Usiku, bei ya simu iliposhuka, modemu zilipigiana, zikapiga kelele zao, zikabadilishana mafurushi kwa dakika chache na kukata. Jijini London, katika shirika la GreenNet, Karen Banks aliusimamia mlango uliopokea barua za namna hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika na kuziingiza kwenye mtandao wa dunia. Nairobi kulikuwa na kituo katika shirika la mazingira la ELCI. Kampala, Charles Musisi alikiendesha cha Chuo Kikuu cha Makerere.

Madaktari walikwenda mbali zaidi. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Boston, alianzisha shirika la SatelLife, ambalo mtandao wake wa HealthNet ulitumia satelaiti ndogo zilizotengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Satelaiti ya aina hiyo huizunguka dunia kwa takriban dakika 100, ikiwa chini ya kilomita 1,000 kutoka ardhini, na hupita juu ya kituo kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo ilichukua barua za hospitali, ikazibeba kumbukumbuni, ikazishusha ilipopita juu ya kituo cha Amerika ya Kaskazini. Hospitali na kituo hicho havikulazimika kuiona satelaiti kwa wakati mmoja. Naiona kuwa kazi kubwa sana ya uhandisi, na inasikitisha kwamba vijana wetu wa teknolojia hawaisikii ikitajwa.

Kuzifuata barua nako kuna historia yake. Njia ya POP ya mwaka 1984 huzishusha kwenye kompyuta yako, na mara nyingi sevani hazibaki. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, huziacha sevani ili uzisome kutoka kifaa chochote. Kisha Sabeer Bhatia na Jack Smith wakaifungua Hotmail, barua pepe ya kusomwa kwenye tovuti, tarehe 4 Julai 1996, na mtu asiye na kompyuta akapata anwani yake mwenyewe. Intaneti kafe za Dar es Salaam na Nairobi zilijaa kwa sababu hiyo. Malipo yalikuwa kwa dakika, na wengine walikuja na barua waliyokwisha kuiandika kwenye karatasi.

Siku hizi anwani ya kwanza ya wengi hufunguliwa dukani, simu ya Android inapowashwa na kuomba akaunti ya Google. Muuzaji hubuni nywila, mteja huondoka bila kuijua. Baadaye mteja huyo anaomba kazi kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali ya Tanzania, ambako usajili unahitaji barua pepe, na anagundua kwamba kisanduku ni chake ila hawezi kukifungua. Mtu anaponunua simu aichague nywila mwenyewe, aiandike mahali salama, na aweke namba yake ya simu ya kurejeshea akaunti kabla hajatoka dukani. Tangu Desemba 2023, akaunti binafsi ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, pamoja na barua zote zilizomo.