Kambi Isiyohama: Dhana ya Miundombinu Endelevu na Malezi ya Wahandisi kati ya Makenke, Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya elimu ya uhandisi nchini Uganda sambamba na historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ili kueleza ni kwa nini dhana ya "miundombinu endelevu" hueleweka kwa upande mmoja tu. Hoja yetu ni kwamba mgawanyo wa kale kati ya jengo "la kudumu" na jengo "la muda" umeathiri fikra za wahandisi kuliko ufafanuzi wa vitabuni, na kwamba Kiswahili, lugha inayozungumzwa sana Nakivale lakini isiyofundishiwa uhandisi, kinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo matatu ya kisera.

1. Utangulizi

Neno "kambi" lilitumika katika misafara ya karne ya 19 kwa maana ya mahali pa kulala usiku mmoja au siku chache kabla ya kuendelea na safari. Kusini-magharibi mwa Uganda, neno hilo leo linatumika kwa sehemu mbili zisizohama. Ya kwanza ni Makenke, katika mji wa Mbarara, makao ya Divisheni ya Pili ya Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda. Ya pili ni Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo sheria huiita makazi lakini wakaaji wake wengi huiita kambi. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Idadi ya wakaaji wake sasa inazidi laki moja, na Wakongo ndio wengi zaidi.

Kati ya kambi hizi mbili kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho hufundisha pia uhandisi. Swali la makala haya ni hili: mwanafunzi anayeandaliwa kuwa mhandisi katika mazingira hayo amerithi uelewa gani wa uendelevu, na mtazamo gani juu yake?

2. Neno na mzigo wake

Kimofolojia, kivumishi "-endelevu" kimeundwa kutokana na kitenzi "endelea" kwa kiambishi "-vu", kama "-tulivu" linavyotokana na "tulia" na "-vumilivu" na "vumilia". Vivumishi vya aina hii hutaja tabia iliyomo ndani ya mtu au kitu. Kwa hiyo, kwa sikio la mzungumzaji, barabara endelevu ni barabara yenye tabia ya kuendelea kuwapo. Maana iliyoenezwa na ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987 ni tofauti: kukidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kukidhi yake. Maana ya kwanza inahusu uhai wa kitu. Ya pili inahusu haki baina ya watu.

Pengo hili haliwahusu wazungumzaji wa Kiswahili peke yao. Azapagic na wenzake, katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha zaidi ya wanafunzi 3,000 wa uhandisi kutoka vyuo vikuu mbalimbali, walibaini kwamba wanafunzi walikuwa na ufahamu wa kuridhisha kiasi kuhusu mazingira, lakini walipungukiwa sana katika nguzo za kijamii na kiuchumi. Mwaka mmoja kabla, Azimio la Barcelona kuhusu elimu ya uhandisi lilikuwa limetaka wahandisi wafunzwe kuelewa jinsi kazi yao inavyoingiliana na jamii. Jambo la kujiuliza ni historia gani iliyozaa pengo hilo katika eneo letu.

3. Malezi ya wahandisi

Miradi mikubwa iliyotangulia uhuru wa Uganda ilikuwa na madhumuni yaliyo wazi. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954 ili kuzalisha umeme wa viwanda. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili kusafirisha shaba ya Kilembe. Katika miradi hiyo, ubora wa miundombinu ulipimwa kwa mzigo inaoubeba na miaka itakayosimama.

Elimu ilifuata mkondo huo. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, uhandisi ulibaki Nairobi, tiba ikawa Makerere na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Ankole aliyetaka shahada ya uhandisi ndani ya mfumo huo ilimlazimu kwenda Nairobi. Makerere ilipata Kitivo cha Teknolojia mwaka 1970, na Dar es Salaam ikaanzisha kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Kotekote lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Fundi mwashi, msuka nondo na mchanganya zege walisemezana kwa Kiswahili au lugha za wenyeji, ilhali michoro na taarifa ziliandikwa kwa lugha nyingine. Mhandisi alijifunza tangu mapema kwamba maarifa hushuka kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye eneo la ujenzi. Njia ya kuyapandisha kutoka eneo la ujenzi hadi kwenye mchoro hakufundishwa.

Nchini Uganda mgawanyo huo ulipata sura ya ziada. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles. Amri ya mwaka 1973 ya utawala wa Idi Amin ya kukifanya lugha ya taifa haikukiondolea sifa ya lugha ya bunduki, iliizidisha. Kwa raia wengi wa Mbarara, Kiswahili kilikuwa kile kilichosikika kutoka kambini.

4. Cha kudumu kilichobomoka, cha muda kilichodumu

Vita vya Kagera vilivuruga mgawanyo kati ya kudumu na muda. Baada ya uvamizi wa Kagera wa Oktoba 1978, majeshi ya Tanzania yaliingia Uganda mapema mwaka 1979 na kuuteka mji wa Mbarara mwezi Februari. Sehemu kubwa ya mji ililipuliwa. Majengo ya saruji yaliyokusudiwa kudumu vizazi kadhaa yaligeuka vifusi kwa muda mfupi mno.

Nakivale nayo, iliyopangwa kana kwamba wakaaji wake wangerudi makwao karibuni, imefikisha zaidi ya miaka 60. Kwa miongo yote hiyo mgeni amepokewa kwa kipande cha ardhi, turubai na miti ya kujengea. Kila wimbi jipya la wakimbizi lilianza upya, na kila mwanzo ulikata miti. Jumla ya ujenzi wa muda uliorudiwarudiwa imekuwa mzigo wa kudumu juu ya ardhi.

Mzigo huo haukomei kwenye mpaka wa makazi. Mto Rwizi, unaoupatia mji wa Mbarara maji, na Ziwa Nakivale ni sehemu za mfumo mmoja wa maziwa na ardhioevu. Ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Mwaka huohuo Uganda ilipitisha Sheria ya Wakimbizi, inayowatambulia haki ya kufanya kazi na kutembea. Kisheria, basi, mkimbizi ni mtu anayeweza kujenga maisha. Turubai lake lingali linasema kwamba yumo safarini.

5. Tofali, maji na mazungumzo

Mfano mmoja unadhihirisha tofauti ya mitazamo. Tofali la kuchoma huhitaji kuni nyingi. Tofali la udongo ulioshindiliwa pamoja na kiasi kidogo cha saruji halichomwi: hukandamizwa kwa mashine ya mkono, hufunikwa na kumwagiliwa maji hadi likomae, na likiwa la kufungamana hupunguza mchanganyiko wa kuungia. Mashine ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá na Raúl Ramírez katika miaka ya 1950, ndiyo iliyofungua njia. Nchini Uganda, Moses Musaazi wa Makerere aliiendeleza teknolojia ya matofali ya kufungamana, yakiwamo yaliyopindwa kwa ajili ya matangi ya maji.

Mwanafunzi anaweza kukokotoa nguvu ya tofali hilo na kufaulu mtihani. Hata hivyo, kufaa kwake Nakivale kunategemea maswali yasiyo na kanuni. Nani atachota maji ya kulimwagilia, wakati maji yenyewe ni ya foleni? Mwenye kipande cha ardhi alichopewa ana hakika gani ya kubaki, hata atumie akiba yake kununua saruji? Udongo upi wafinyanzi na waashi wa Kikongo wanaujua kuwa hupasuka ukikauka? Majibu yapo, na mengi yapo kwa Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kuuliza kwa lugha hiyo atarudi chuoni na vipimo sahihi na uelewa pungufu. Kisha atahesabiwa kuwa hajali nguzo ya kijamii, ilhali hakupewa nyenzo ya kuifikia.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mazingira ya kisera sasa yanaruhusu mabadiliko. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kuitekeleza, ikiwemo kuifundisha kwa lazima shuleni. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mafunzo ya uhandisi kwa vitendo katika eneo hili yajumuishe kipindi cha kazi Nakivale kitakachotanguliwa na somo fupi la Kiswahili cha ujenzi na maji. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vitivo vya uhandisi kukusanya istilahi za mafundi wenyewe kabla ya kubuni mpya. Tatu, vijana wakimbizi wanaosoma vyuo vikuu, wakiwemo wanaofadhiliwa na mpango wa DAFI ulioanzishwa mwaka 1992, washirikishwe kama wataalamu wa makazi yao. Kazi ya ukalimani pekee haitoshi.

Kwa watunga sera, kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya mada za uendelevu katika mtalaa. Kiwe uwezo wa mhitimu kukaa na mkaazi wa Juru au Rubondo, akamweleza mchoro wake kwa lugha wanayoielewa wote wawili, na akaurekebisha kutokana na alichoambiwa.