Kunguru Hawa Walialikwa

Huku Mpendae ukimwona kunguru kabeba kipande cha waya, usidhani anacheza. Anajenga. Juu ya mwembe au juu ya nguzo ya umeme, kiota chake cha vijiti na waya kitasimama, na humo atataga mayai matatu hadi matano.

Watoto wengi wa mtaani wanamjua kama mwenyeji. Si mwenyeji. Huyu wa shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, baada ya Waingereza kuifanya nchi himaya yao mwaka 1890, na jina linalotajwa sana katika habari hiyo ni Gerald Portal, mwakilishi wao hapa. Sababu yenyewe? Taka! Mji ulikuwa mchafu, na ikaonekana ndege atazoa bure.

Kuzoa alizoa, lakini hakuchagua. Alipomaliza majaa aligeukia vifaranga vya kuku, matunda shambani, na mayai na makinda ya ndege wadogo waliokuwepo kabla yake. Kufikia 1917 mgeni wa serikali alikuwa keshahesabiwa mharibifu. Hakukaa kisiwani tu pia. Mombasa alionekana mwaka 1947, na Dar es Salaam hakuna asiyemjua.

Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni hapa Unguja, ya mitego na sumu, na mjini walipungua sana. Kampeni ikasita. Wachache waliobaki wakaendelea kutaga, na leo tunao tele. Kenya nao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja.

Mimi siipingi sumu ikiwa mikononi mwa wataalamu. Ninachosema ni kwamba historia hii inatusomesha jambo moja: kunguru aliletwa kwa sababu ya taka, na anabaki kwa sababu ya taka. Jaa likikaa wazi wiki nzima, huko ni kumwandikia mwaliko mwingine. Unaweza kuua elfu leo, lakini maadamu chakula kipo, watakaosalia watajaza pengo.

Portal alifariki mwaka 1894, hakuyaona matokeo. Sisi tunayaona, tena kila alfajiri tunaamshwa nayo. Haya, jamani, tuanze na kunguru au tuanze na jaa?