Pour la suite du monde

Filamu ya hali halisi ya Kanada iliyotolewa mwaka 1963, ambayo jina lake kwa Kifaransa lina maana ya "Ili ulimwengu uendelee"; walioitunga ni Pierre Perrault (1927–1999), mshairi wa Québec aliyekuwa kwanza mwanasheria kisha mtu wa redio, na Michel Brault, mpiga picha, naye Marcel Carrière akashika kazi ya kunasa sauti. Mwaka huohuo iliingia katika mashindano ya Cannes.

Mahali pake ni Île-aux-Coudres, kisiwa kilichomo katika mto Saint-Laurent, ambao hapo umetanuka hata wenyeji huuita bahari, wala hawakukosea, kwa kuwa maji yake yana chumvi na hujaa na kupwa. Wahenga wa kisiwa hicho walikuwa wakinasa nyangumi weupe kwa kukita matopeni, maji yakiwa yamepwa, safu ndefu za fito; nyangumi akiingia pamoja na maji yajaayo huziogopa fito zile zinazotikiswa na mkondo, akasita kuzipita, hata akapwelewa. (Mtu wa pwani yetu atautambua hapa uzio, ijapokuwa wetu ni wa samaki tu.) Kazi hiyo ilikuwa imeachwa tangu 1924, na Perrault na wenzake ndio waliowashawishi wenyeji waifufue mwaka 1962, kwa hiyo wako wanaouliza kama ni halali kuliita hali halisi tukio lililochochewa na wapiga picha wenyewe. Lakini ubishi wa wazee juu ya asili ya mtego huo haukubuniwa na mtu. Nyangumi mmoja aliyenaswa alipelekwa hai hadi New York.

Ushairi wa filamu hii haumo katika tungo zinazosomwa juu ya picha za mawimbi, kama ilivyo ada ya filamu nyingi za namna hii: Perrault alitega sikio, kwa msaada wa mashine nyepesi zilizokuwa ngeni wakati ule, akayaacha maneno kwa wenyewe, kwa Grand-Louis Harvey, msimulizi asiyechoka, na kwa mzee Alexis Tremblay, aliyeshika kitabu cha safari za Jacques Cartier, mgeni aliyefika kisiwani mwaka 1535, akihojiana na wenzake kama mtego ule asili yake ni Wafaransa au ni wenyeji wa kale.

Zilifuata Le règne du jour (1967) na Les voitures d'eau (1968), ambayo ni habari ya waunda vyombo vya mbao wa kisiwa hichohicho, zama meli za chuma zilipokuwa zikiwanyang'anya shehena.