Madaftari Juu ya Meza Moja
Ukimwambia mtoto wa darasa la tatu atoe 27 kwenye 52, akaandika 35, mwalimu aliyechoka atamkosesha kwa wino mwekundu na kuchukua daftari jingine. Mtoto huyo ana kanuni yake: dogo hutolewa kwenye kubwa. Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Ukikuta 35 ileile kwa nusu ya darasa, tatizo lilianzia ubaoni.

Sisi walimu wa Kwimba tulilijua hilo kwa sababu ya uhaba wa walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, mpango ulioitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yakafurika, na vijana waliomaliza la saba wakaletwa kufundisha huku wakisomea ualimu palepale kazini. Jina la "mwalimu wa UPE" likawa la kubezea, nami silipendi hadi leo. Vijana wale walikuwa na kitu ambacho sisi wenye vyeti hatukuwa nacho: ruhusa ya kuuliza. Kila mchana walimletea mwalimu mlezi madaftari, naye akatuita na sisi wengine.

Imla ndiyo iliyotugombanisha. Mwenzetu wa Pwani alikosesha kila "lafiki". Mzee mmoja Msukuma akamzuia: Kisukuma hakina r, mtoto huyu ameandika anavyotamka, na kusoma anasoma. Akavuta daftari lenye "rfki". Huyu r anayo, ila irabu hazisikii; ndiye wa kukaa naye. Tukayagawa madaftari mafungu mawili, na fungu la pili, lililokuwa dogo, ndilo lililotuweka hadi jioni.

Miaka ya 1990 vilipoenea vituo vya walimu, kazi hiyo ilipata paa: madaftari ya shule kadhaa yalifika kwa baiskeli.

Kisha mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukawa wa kusiliba herufi ili mashine isome, Hisabati ikiwamo. Usahihishaji uliharakishwa, sikatai. Lakini herufi iliyosilibwa haionyeshi njia, na walimu wengi wakaanza kuwazoeza watoto kusiliba. Mwaka huohuo taifa liliambiwa kuwa watoto zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kwenda sekondari hawakujua kusoma na kuandika. Madaftari yao yalikuwa yakisema hivyo tangu la pili.

Baraza la Mitihani sasa hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na ni kazi nzuri. Ila mwenye kosa huwa ameshaondoka shuleni. Ndiyo maana nafurahia vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wa shule moja wakijifunza pamoja, ingawa binti yangu, mwalimu huko Magu, analalamika kwamba fomu ni nyingi kuliko madaftari. Juzi walibishana saa nzima juu ya 402 kutoa 138, na bado hawajakubaliana ile sifuri waifundishe vipi.