Njia ya Maji Katika Jabal Akhdar

Polisi wa Birkat al-Mawz, kusini mwa Jabal Akhdar nchini Oman, hawana haja ya kujua unakwenda kwa nani. Wanatazama magurudumu. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi, ingawa barabara siku hizi ni lami mpaka juu, kwa sababu mteremko wa kurudi huunguza breki. Chini hapo ni mitende na joto. Kwenye uwanda wa Saiq, mita 2,000 hivi juu ya bahari, mitende imekwisha. Kuna mikomamanga na mizeituni mwitu, na usiku wa Januari maji huweza kuganda.

Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa, mlima huu si ugenini kabisa. Kabila kuu la huku ni Bani Riyam, na nani wa pwani yetu asiyewajua akina Riyami? Kiswahili chenyewe utakisikia Nizwa na Maskati, kwa watu waliotoka Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wengi wao wakipokewa nchini tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970.

Mzunguko ninaoupenda unaanzia al-Aqr, unapita al-Ayn na kuishia ash-Shirayjah, kisha unarudi kwa juu, kando ya barabara. Ni saa mbili hadi tatu kwa mtu asiye na haraka. Hauhitaji kamba wala ushujaa. Unahitaji magoti mazima, kwani ngazi za mawe ni nyingi na hazilingani, na viatu visivyoteleza. Alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zimepakwa kwenye miamba, lakini alama hizo ni za jana tu. Njia ni ya wakulima. Mahali pengi unakanyaga ukingo wa mfereji wenyewe, ukuta wa tuta ukiwa bega la kulia na bonde kubwa likiwa wazi kushotoni, na ukikutana na mtu aliyebeba majani ya mbuzi wake, wewe ndiye wa kumpisha.

Mwamba unaoukanyaga ni chokaa iliyolala chini ya bahari mamilioni ya miaka kabla ardhi haijakunjamana na kuuinua. Ukiwa na jicho zuri utaona visukuku vya viumbe wa baharini huku juu, mbali na mawimbi. Zaidi juu kuna miti ya jamii moja na mwangati wa nyanda za Kenya, mizee na iliyopinda. Mvua ya Saiq kwa mwaka ni kama milimita 300. Kwa kilimo cha matunda, hiyo ni kidogo sana. Ndiyo maana nasema ukijani wa mlima huu unaopigwa picha na kila mgeni haukuletwa na mawingu peke yake. Umejengwa kwa mikono, jiwe juu ya jiwe, na udongo ukajazwa nyuma ya kila ukuta.

Maji yanatoka kwenye chemchemi na kuongozwa na falaj, mfereji unaoshuka kwa mwinamo mdogo mno hata huuoni ukishuka. Wanakijiji hunywa kwanza, huko juu kabisa. Kisha hufuata msikiti na pa kuogea, halafu mashamba. Miti ya kudumu ina haki yake, na mazao ya msimu, kama vitunguu saumu, hupata kinachobaki. Maji hayagawanywi kwa ujazo bali kwa muda. Kipimo kinachojulikana zaidi ni athar, takriban nusu saa, na kabla ya saa za mkononi watu waliupima mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Zamu ya maji hurithiwa, huuzwa, huwekwa wakfu. Mtu anaweza kuwa na shamba bila maji, au maji bila shamba. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza aflaj (wingi wa falaj) tano za Oman katika Urithi wa Dunia, mmojawapo Falaj al-Khatmeen wa pale Birkat al-Mawz. Lakini hii midogo ya juu, isiyo na cheti cha mtu yeyote, ndiyo inayokupitisha mlangoni mwa watu.

Wageni walioandika habari za mahali hapa walikuwa wachache kwa muda mrefu. James Wellsted, afisa wa majini wa Uingereza, alipanda mwishoni mwa 1835, kwa msaada wa Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyekuwa akihamishia makao yake Zanzibar. Alikuta mashamba ya zabibu, na akaeleza kwa mshangao kwamba wenyeji walikamua mvinyo na kuunywa bila kujificha. S. B. Miles alifika mwaka 1876, na baadaye akatumika kwa muda kama konseli wa Uingereza Zanzibar. Naona si bahati tu kwamba watu wale wale wanatokea pande zote mbili za bahari: himaya ya Oman na Zanzibar ilikuwa moja hadi ilipogawanywa mwaka 1861, na Mwingereza alikuwa anaifuatilia kotekote.

Kugawanywa huko hakukuleta utulivu katika bara ya Oman. Mwaka 1913 makabila ya ndani yalimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu, huko Tanuf, chini ya mlima huu huu, na mwaka 1920 mkataba wa Seeb ukaacha Sultani akitawala pwani na Imamu bara. Mambo yalikwenda hivyo mpaka harufu ya mafuta iliposikika jangwani. Ghalib bin Ali al-Hinai alipokuwa Imamu mwaka 1954, Sultan Said bin Taimur aliona wakati umefika wa kulitwaa bara. Jeshi lake liliingia Nizwa Desemba 1955. Mwaka 1957 Talib, ndugu wa Ghalib, alirudi kutoka Saudi Arabia na wapiganaji, Nizwa ikamponyoka Sultani, Waingereza wakaitwa, na Agosti viongozi wa uasi wakakimbilia juu, kwa Sulayman bin Himyar, mkuu wa Bani Riyam aliyependa kuitwa bwana wa Mlima wa Kijani, yaani Jabal Akhdar.

Walikaa huko mwaka mmoja na nusu. Njia za kupanda zilikuwa chache na nyembamba. Watu wachache wenye bunduki waliweza kuzifunga. Ndege za Kiingereza ziliivunja Tanuf, na kuta zake za udongo bado zimesimama bila paa, mgeni akizipita njiani. Vijiji vya juu navyo vilipigwa. Mwishowe walikuja askari wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza. Kamanda wao, Deane-Drummond, aliwanong'oneza wachunga punda, kama siri, kwamba shambulio litapitia Tanuf. Siri ilifika alikotaka ifike. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 1959 askari walipanda kwa upande mwingine, karibu na Kamah, na alfajiri iliwakuta juu. Ghalib, Talib na Sulayman waliponyokea Saudi Arabia.

Kwa miongo kadhaa baada ya hapo uwanda wa Saiq ulikuwa na kambi ya jeshi na masharti ya kuingia. Ukitembea leo hutaona kibao cha vita katika mzunguko huu. Ukitaka kuelewa kwa nini mlima haukuchukulika, simama tu kwenye ukingo wa al-Ayn utazame chini.

Mwaridi wa Damasko umepandwa kwenye matuta haya, na Aprili ndiyo mwezi wake. Maua huchumwa asubuhi mapema, kabla jua halijanyonya harufu, na hupikwa kwenye jiko la udongo: petali kwenye chungu, bakuli la shaba ndani yake la kukinga, na juu chombo cha maji baridi ambacho mvuke hukigonga ukageuka matone. Marashi hayo huachwa yatulie mtungini kwanza. Ndiyo yanayoingia kwenye halua na kahawa ya Kiomani, na ndiyo binamu wa yale tunayoyanyunyiza kwa mrashi kwenye maulidi.

Vijana wengi sasa wanafanya kazi Nizwa na Maskati, na baadhi ya matuta yamekauka. Hoteli kubwa zimejengwa ukingoni. Baadhi ya wapikaji wamehamia mitambo ya chuma na gesi, inayotoa marashi meupe, safi kama maji ya kunywa. Mwishoni mwa mzunguko, ash-Shirayjah, utauziwa ya aina zote mbili. Mimi huomba yale ya rangi ya chai yenye moshi ndani yake, nikijua kabisa kwamba wageni wengine kwenye gari watalalamika harufu njia nzima ya kuteremka.