Baiskeli katika vilima vya majani chai: Hesabu mabonde, si kilomita

Anayepanga safari ya baiskeli katika kaunti za Kericho na Bomet hudanganywa kwa urahisi na ramani. Kutoka Litein hadi mji wa Bomet kupitia Mogogosiek na Silibwet, umbali hauonekani kuwa mkubwa, na aliyezoea barabara tambarare za Ahero huenda akadhani atafika kabla ya chakula cha mchana. Mito inayotoka katika Msitu wa Mau, ikiwemo Itare, Kiptiget na Kipsonoi, hutiririka kuelekea magharibi, ilhali msafiri wetu anaelekea kusini. Hana budi basi kuyakatiza mabonde: ateremke, avuke, kisha apande upya, mara baada ya mara. Kwa mwenye siha njema, kilomita 35 au 40 za njia za vumbi zinatosha kwa siku moja. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo anayetoka Mombasa afadhali apumzike siku nzima kabla ya kuanza.

Jambo la pili la kuzingatia ni mvua. Hiyo ndiyo inayostawisha majani chai, na hunyesha karibu kila mwezi. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa na nafuu. Aprili na Mei haifai kabisa. Hata wakati wa nafuu, asubuhi huweza kuwa shwari na mawingu yakajikusanya alasiri, wakati hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapopanda nyanda za juu. Mvua ya mawe ni ya kawaida hapa, na wakulima wanajua hasara yake. Msafiri aondoke jua linapochomoza, na kufikia saa saba mchana awe karibu na pa kulala. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka, na hapo baiskeli hubebwa begani. Radi zikianza, mikaratusi iliyo kando ya njia si mahali pa kujikinga.

Wageni wengi huuliza kuhusu milima ya kupanda. Ingefaa waulize zaidi kuhusu miteremko. Changarawe huteleza kama mtama sakafuni, na kona nyingi zimefichwa na michai. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa na uzoefu mkubwa, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Kofia ya kujikinga si pambo, na breki zikaguliwe kila asubuhi, si siku ya kwanza pekee.

Isitoshe, majani mabichi hayangoji. Sharti yafikishwe kiwandani mapema baada ya kuchumwa, kwa hivyo malori na matrekta hupita kwa haraka katika njia nyembamba kati ya vituo vya kununulia na viwanda. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho nayo iepukwe kabisa. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50. Baiskeli na ipakiwe juu ya matatu hadi mjini Kericho.

Mashamba makubwa ni mali ya kampuni na yana malango na walinzi. Ruhusa huombwa ofisini mapema, si langoni. Ndani ya Msitu wa Mau kuna ndovu, na asiingie mtu bila idhini ya Huduma ya Misitu (KFS). Katika vijiji vya wakulima wadogo, salamu ya "Chamgei" hufungua mlango, na huenda ukakaribishwa mursik.

Andika pia mahali hospitali zilipo: Kericho mjini, Litein, Kapkatet, Tenwek na Longisa. Bondeni simu huweza kukosa mtandao, kwa hivyo mwachie mtu ratiba yako.

Mafundi wa baiskeli wapo karibu kila soko, na pancha huzibwa upesi. Lakini wamezoea baiskeli za mizigo. Vipuri vya breki za diski na kiungo cha akiba cha mnyororo, vibebe kutoka nyumbani.